Shingo ya Gundi

Shangazi Tutu alilikalia gitaa Jumatatu alasiri, siku kumi kabla ya harusi ya akina Hadamin. Lilikuwa limelazwa kwenye godoro, chini ya melhfa ya Salka, shuka lake la kujitanda, iliyotoka kuanuliwa, na katika nyumba za Arafat, mtaa wa Nuakshoti, mgeni haulizi akae wapi. Hukaa penye mto. Shangazi alikuwa mwanamke wa kilo mia na kumi, aliyenoneshwa kwa maziwa enzi ambazo msichana mwembamba hakuposwa. Sauti iliyotoka chini yake ilikuwa fupi na kavu.

"Nimekalia nini?" aliuliza, bila kuinuka.

"Umekalia chakula chetu, shangazi," alisema Yarba.

"Chakula gani kisichonukia?"

Salka, mke wa Yarba, alimvuta mkono mpaka akainuka. Shingo ya gitaa ilikuwa imepasuka kwa urefu, kuanzia freti ya tatu hadi ya tisa. Nyuzi mbili zilikuwa bado zimekaza. Nyingine zilijikunja juu ya godoro. Shangazi alilitazama, akasema mbao za siku hizi hazina nguvu, akaomba glasi ya pili ya chai. Gitaa hilo lilikuwa la mwaka wa themanini na nne, Yamaha ya Kijapani. Baba yake Yarba alilipiga kwenye harusi za Nuakshoti tangu Yarba akiwa anatambaa.

Hakuna aliyemgombeza. Yeye ndiye aliyewatafutia nyumba waliyopanga.


Kibanda cha Sidina, fundi wa magitaa, kilikuwa nyuma ya wauza simu, mahali ambapo mafundi wa redio, wa saa na wa majenereta wamebanana kwa safu. Sidina alikuwa mhunzi wa ukoo. Babu zake walichonga tidinit, kile kigambusi cha nyuzi nne cha wazee, na yeye akaendelea na magitaa kwa sababu ndiyo yaliyoletwa. Gitaa la dukani lina freti ishirini na mbili, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo na kuigawa sauti. La Yarba lilikuwa na thelathini na moja. Tisa za ziada Sidina alizipachika kati ya zile za kiwandani, maana muziki wa kwao una njia nyeupe na njia nyeusi, na njia nyeusi ina sauti zinazokaa pale ambapo kiwanda hakikuona haja ya kuweka kitu.

Yarba alipompelekea gitaa, Sidina aliligeuza, akafungua skrubu nne mgongoni, akaitoa shingo iliyopasuka kama mtu anayetoa droo.

"Hii imekwisha," alisema. "Mwili ni mzima. Nina shingo ya Kichina hapa, elfu mbili na mia tano. Nikate freti zako, nikae nayo siku nne mpaka itulie. Elfu nne jumla. Harusi unakwenda."

"Shingo ya Kichina kwenye mwili huu?" Aliyesema ni Khattri, mdogo wake Salka, muuza simu wa Nuadhibu aliyekuja mjini kuleta mzigo. "Huko ni kumpa ngamia miguu ya mbuzi, shemeji."

"Ngamia wa miguu ya mbuzi anatembea," alijibu Sidina. "Wako yuko wapi?"

Khattri alikuwa akiusubiri wakati huo. Alitoa simu, akaonyesha picha ya gitaa jekundu kama cheri, lenye ukingo mweupe kuzunguka mwili na shingo. Gibson, la Marekani. Lilikuwa Las Palmas kwa mzee mmoja aliyeacha muziki, na baharia anayemletea simu angelipakia Jumamosi.

"Elfu themanini," alisema.

Kwenye benchi alikuwepo Isselmu, mwalimu wa hesabu ambaye hakupata kupiga gitaa mbele ya watu lakini hakuna aliyemshinda kwa kuyajua. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Elfu themanini! Kwa hela hiyo nanunua Ibanez mbili, mbuzi kumi, na namwoza binti yangu kwa chenji."

"Na utapiga nini kwenye harusi hiyo, mwalimu? Mbuzi?"

"Nitapiga Fender. Mwili, shingo, skrubu nne, kwisha. Kikiharibika kitu unabadilisha kitu."

"Ni stuli hiyo, si gitaa. Hili shingo yake imegandishwa kwa gundi, mbao kwa mbao. Sauti inatoka kichwani inafika tumboni bila kugonga hodi."

"Miaka sabini dunia inapigia skrubu."

"Dunia inakalia viti vya plastiki pia."

Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wamesogea. Mmoja alisema uzito ndio unaoleta sauti, mwingine akasema ni sumaku tu, mbao ni mapambo, na fundi wa saa akasema Wajapani ndio peke yao wasiodanganya. Khattri akamgeukia Yarba.

"Mshindani wako Deddah anapigia la Marekani. Wale vijana wa Hadamin wanarekodi video, na kitu cha kwanza wanachovuta karibu si uso wa dada yangu. Ni jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa."

Hilo Yarba alilijua. Katika harusi ya mwezi wa Shaabani kijana mmoja wa nyumba ile alimuuliza, kwa adabu kabisa, kama gitaa lake ni la kukodi.

Sidina aliuliza swali moja. "Hilo la gundi, nikitaka kuitoa shingo, naitoaje?"

"Huitoi," alisema Khattri. "Ndio ubora wenyewe."

Sidina alizirudisha skrubu nne kwenye kopo. Hakubishana. Hakuna aliyekuwa amemlipa abishane.


Yarba alikuwa na elfu kumi. Salka alikuwa na bangili nne.

"Likiwa jema zitarudi," alisema Salka. "Likiwa baya?"

"Dada, Gibson halishuki bei," alisema Khattri. "Ukichoka nalo unaliuza kwa hela ileile. Ni bangili tu, ila hii ina nyuzi. Sharti ni moja: lisiguswe."

"Lisiguswe na nani?"

"Na Sidina. Akilikata freti hata moja, hakuna mnunuzi wa maana atakayelitazama."

Yarba alikuwa akikoroga sukari. Aliacha kukoroga. "Na njia nyeusi naipigaje?"

"Unavuta uzi, shemeji. Wazungu wote wanavuta uzi. Unausukuma kidogo kwa kidole, sauti inapanda, unaikuta hiyo robo-sauti yako."

Yarba alijaribu kwenye gitaa la kuazima la mwalimu Isselmu. Polepole, akiwa peke yake, ilikubali. Alijua pia kwamba harusi haipigwi polepole. Hakulisema hilo, kwa sababu alikuwa ameshalitaka gitaa jekundu, na mkewe aliliona hilo usoni mwake kabla hajamaliza glasi.

Sonara aliziweka bangili kwenye mizani, akaondoa moja, akaigonga kwa ukucha.

"Hizi ni za kununuliwa au za kutupiwa?"

Salka alikuwa binti wa manju na mke wa manju. Dhahabu yake yote ilitoka mikononi mwa wake za watu wakubwa, walioivua wenyewe katikati ya wimbo. "Dhahabu haiulizwi inatoka wapi," alisema.

"Za kutupiwa zina mabonde," alisema sonara, akapunguza elfu tatu kwa ajili ya mabonde. Salka alitoka na elfu sabini kwenye mfuko wa khaki. Njiani alishusha melhfa mpaka ikafunika viganja.

Gitaa lilifika siku mbili kabla ya harusi. Kila aliyeliona alishusha sauti. Mwalimu Isselmu alilikagua nusu saa nzima, ndani na nje, akitafuta kosa. Akakosa. Akasema, kwa uchungu kidogo, kwamba kazi ile ni safi.


Harusi ya akina Hadamin ilikuwa ya siku tatu, chini ya hema kubwa uani kwao Tevragh Zeina, mtaa wa matajiri. Siku ya kwanza na ya tatu zilikuwa za Yarba na Salka, ya pili ya Deddah. Babu yake Yarba ndiye aliyeanza kuwaimbia akina Hadamin, wakati bado ni watu wa ngamia. Sasa walikuwa watu wa meli za samaki, na nusu ya mchele uliopikwa nyumbani kwa Yarba kwa mwaka ulitoka kwenye sherehe zao.

Vijana waliliona gitaa kabla ya salamu. Simu ziliinuka. "Ni lenyewe?" mmoja aliuliza, na mwingine akavuta picha karibu, akasoma jina, akaitikia kwa kichwa. Kwa muda wa saa moja Khattri, aliyesimama nyuma ya spika, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko bwana harusi.

Nyimbo hufuata utaratibu, na haurukwi. Zile za mwanzo, za njia nyeupe, zilikwenda vizuri. Gitaa lilikuwa na sauti nzito, iliyoshiba. Kisha Salka, kinubi mapajani, akaingia njia nyeusi. Yarba akavuta uzi. Mara ukapanda kupita kiasi, mara haukufika; sauti ya Salka ilikuwa imesimama mahali pamoja, gitaa likimjibu kutoka mahali pengine. Wapiga makofi walipoongeza kasi, Yarba akaacha kuvuta na kukamata freti iliyokuwa karibu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola ya daraa, ile kanzu yake pana.

"Simamisheni."

Alikuwa Bibi Mneitu, mama wa mwenye nyumba, aliyeegemea mito mbele kabisa. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka themanini, haoni vizuri, na tangu ujana hakupata kukosea sauti ya wimbo.

"Yarba mwana wa Jeddu."

"Naam, bibi."

"Hilo gitaa linasema lugha gani?"

"Bibi?"

"Maana mimi nasikia Kifaransa."

Hema lote lilicheka, wanawake kwanza. Simu zilikuwa bado juu. Bibi alipapasa chini ya mto, akatoa noti ya elfu moja, akairusha ikaanguka mguuni mwa Yarba. "Kalitafutie mwalimu. Salka, mwanangu, endelea na kinubi chako. Yeye apumzike."

Salka aliimba na kinubi peke yake, saa moja na nusu. Yarba alikaa pembeni yake, na gitaa jekundu mapajani. Kuondoka kungekuwa kuitukana nyumba, na kuiacha noti pale chini pia. Aliiokota.

Walipokuwa wakikunja nyaya, msimamizi wa harusi alikuja, akasema maneno yake akitazama spika. "Bibi anasema keshokutwa, kama mambo ni yaleyale, Deddah aunganishe siku zote mbili. Na mnajua wajukuu wa kike bado watatu hawajaolewa."


Asubuhi ya Ijumaa Khattri alikuja na mnunuzi. Hakuja naye mwenyewe, alikuja na sauti yake kwenye simu: mhandisi Mfaransa wa machimbo, mkusanyaji wa magitaa, alikuwa ameiona video. Hakucheka. Alisema atatoa elfu sabini na mbili, mwisho kesho, kama gitaa halijaguswa.

"Tumepoteza elfu nane tu," alisema Khattri. "Kwa siku tatu si mbaya."

"Na harusi?" aliuliza Salka.

"Ile shingo ya Kichina ya Sidina."

"Ameiuza Jumatano. Nimeshampigia."

Kwenye chumba cha pili Shangazi Tutu, aliyekuja kuwapa pole, alikuwa akikoroma.

"Liuzwe," alisema Yarba. "Zirudi bangili zako. Bibi nitamwambia naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kidole."

"Mpaka wajukuu watatu waolewe?"

Salka alimuuliza tena, safari hii bila kejeli, kama kuna namna yoyote, kwa mazoezi, kwa mwaka mzima wa mazoezi, ya kuipiga njia nyeusi kwenye shingo ile kama ilivyo.

"Hakuna," alisema. "Nilijua tangu siku ile ya sukari."

"Na mimi nilijua unajua." Aliinuka, akalichukua gitaa, akalifunga ndani ya blanketi. "Kwa hiyo wajinga ni wawili. Twende."

"Dada!" Khattri alimfuata mpaka mlangoni. "Dada, sabini na mbili! Hebu fikiri kwanza! Hizo ni bangili zako unapeleka kwenye msumeno!"

"Ndiyo maana nazibeba mwenyewe."


Sidina alikuwa ametoka msikitini na bado hajavua kanzu nzuri. Aliligeuza gitaa, akapitisha kidole pale shingo inapokutana na mwili, akitafuta mshono. Hakuupata.

"Kazi nzuri," alisema. "Nikikosea hapa hakuna ya kubadilisha."

"Usikosee," alisema Salka.

"La nani? Sikati gitaa la mtu mpaka mwenyewe aseme, na watu wasikie. Ni desturi yetu."

"La kwangu," alisema Yarba.

"Lilinunuliwa kwa mali ya nani?"

Yarba akamtazama mkewe. Salka akaketi kwenye benchi la wanaume, mwalimu Isselmu akisogea haraka kumpisha. "Langu," alisema. "Likate."

Sidina hapimi kwa rula. Aliingiza kipande cha waya wa shaba chini ya uzi, kati ya freti ya pili na ya tatu, akamwambia Yarba agonge. Salka aliimba sauti ile, moja tu, bila maneno, akaishikilia. Sidina aliusogeza waya upana wa ukucha, kisha upana wa unywele, mpaka uzi na koo vikakubaliana. Akachora mstari kwa penseli. Akachukua msumeno mwembamba na kuupitisha kwenye mbao nyeusi, akiukata na ule ukingo mweupe pande zote mbili. Vumbi lake lilikuwa la zambarau.

"Sitini," alisema Khattri, kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo cha homa.

Freti ya pili ikaingia.

"Hamsini."

"Arobaini na tano," alisema fundi wa saa. "Ukingo umekatika vibaya hapo."

"Haujakatika vibaya," alisema Sidina, "umekatika."

Watu waliongezeka. Mwalimu Isselmu alikuwa wa kwanza kusema kwamba Fender lingekuwa limeshamaliza kazi na shingo ya asili iko salama kabatini, na alilisema mara tatu, kila mara kwa mtu mwingine. Muuza simu mmoja aliomba wasubiri ampigie binamu yake anayenunua vitu vya zamani. Hakuna aliyesubiri. Salka aliimba, waya ukasogea, penseli, msumeno, nyundo ya mpira. Thelathini na tano. Thelathini. Kwenye freti ya sita Khattri aliruka moja kwa moja hadi ishirini, akaketi juu ya jenereta.

Ya tisa na ya mwisho ilipoingia, Yarba alipiga ngazi yote ya njia nyeusi, chini hadi juu. Wauza simu waliitikia kwa makofi, kama watu wa harusini.

"Ya saba iko juu," alisema Salka.

"Mimi naisikia sawa," alisema Yarba.

"Iko juu. Itoe."

Sidina alimtazama. "Nikiitoa nakata upya kando yake. Ule mfereji wa kwanza utabaki wazi. Nitauziba kwa unga wa mbao na gundi, lakini utaonekana daima. Hata kipofu ataupapasa."

"Itoe."

Khattri hakutaja bei. Alikuwa akimwandikia Mfaransa ujumbe.


Jumamosi Bibi Mneitu alisikiliza nyimbo zote kwa utaratibu wake, mpaka ya mwisho, macho yamefumbwa. Hakusifu. Vijana walirekodi, mmoja akauliza kwa nini gitaa zuri vile limechanjwachanjwa, mwenzake akamwambia anyamaze.

Wageni walipoanza kuaga, bibi alimwita Salka karibu na mito. "Zeinabu wangu anaolewa baada ya mvua," alisema. "Mtakuja."

Hapo manju husema, "Nyumba yenu ni yetu," na kubusu kilemba au mkono. Manju hatoi bei. Anayeimbiwa hutoa anachopenda, kwa kadiri ya heshima yake, na anayeimba hupokea bila kuhesabu. Ndivyo babu yake Yarba alivyopokea, na baba yake.

"Tutakuja, bibi," alisema Salka. "Kwa elfu thelathini. Kumi na tano tukianza."

Msimamizi wa harusi, aliyekuwa akikusanya glasi, alisimama na sinia mkononi. Yarba alikuwa akifunga gitaa. Mikono ilisita kwenye fundo la blanketi. Bibi alimgeuzia Salka uso, akakaza macho kama kwamba angeweza kumwona vizuri zaidi.

"Mmeanza kuuza kwa mizani?"

"Tumeanza, bibi."

Bibi Mneitu akamwambia msimamizi aweke sinia chini na kumwita mwanawe, aje na pochi, kwa sababu kuna mtu hapa ametaja bei na yeye anataka apunguziwe.